Choo Ugenini: Mwongozo Kamili kwa Msafiri Aliyezoea Maji

Watu hupanga safari ya nje kwa miezi: viza, tiketi, chanjo, dola, nani atanipokea uwanjani. Choo hakimo kwenye mpango, mpaka saa ile umesimama katikati ya mji usioujua, tumbo linakuita, na kila mlango unaouona una maandishi usiyoyaelewa au kigeti kinachodai sarafu. Nyumbani jambo hili halitusumbui sana. Stendi kuna choo cha kulipia, mgahawani ukiomba hawakukatalii, msikitini pako wazi, na basi la mkoani likichelewa kufika, dereva husimama porini abiria wakachimbe dawa. Ughaibuni njia hizo hubadilika zote, na hiyo ya mwisho inaweza kukuletea faini.

Nimemwandikia mtu wa Afrika Mashariki anayetoka kwa mara ya kwanza au ya pili: mwanafunzi, mfanyabiashara anayefuata mzigo China, mgonjwa na msindikizaji wake wanaokwenda India, hujaji, au mzazi anayekwenda kumwona mwanawe Ulaya. Nitakaa zaidi Ulaya, kwa sababu huko mtu wetu hukutana na shida mbili kwa mpigo: choo chenyewe ni cha kutafuta, na ukikipata hakina maji ya kuchambia.

Hatua ya 1: Funga kimfuko chako kabla ya kuondoka

Tafuta kimfuko kidogo cha zipu kinachoingia kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa litakaloshuka tumboni mwa ndege. Kitu cha kwanza ndani yake ni chupa tupu ya plastiki laini, ya nusu lita au pungufu. Kuna chupa maalumu za kujisafishia zenye mdomo mrefu uliopinda, zinauzwa mtandaoni, lakini chupa ya kawaida ya maji ya kunywa inafanya kazi ileile na haimshtui mtu ukiwa nayo mkononi. Ukaguzi wa viwanja vingi vya ndege huzuia chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100 kwenye mzigo wa mkononi. Chupa tupu haina tatizo. Ipitishe tupu, ijaze ukishavuka ukaguzi.

Ongeza pakiti mbili za tishu za mfukoni, kitakasa mikono kisichozidi mililita 100, kitambaa kidogo cha kufutia mikono, na mifuko miwili mitatu ya plastiki ya kutia kitu kilicholowa. Mwanamke aongeze pedi hata kama siku zake bado, maana safari ndefu huvuruga hesabu za mwili. Anayesafiri na mtoto aweke nepi za kutosha saa zote za safari na nyingine za akiba, pamoja na nguo ya kubadilisha ya mtoto na fulana moja yake mwenyewe. Fulana ya mzazi wengi huisahau, na nepi inapovuja humwagikia aliyempakata mtoto.

Halafu sarafu. Ukibadilisha fedha utapewa noti tupu, na mlango wa choo haupokei noti. Mara ufikapo nunua kitu kidogo, chupa ya maji au pipi, ili upate chenji. Ukienda nchi za euro, weka pembeni sarafu za senti 50 na za euro 1, usizitumie kwa kitu kingine. Ukielekea Sweden, Norwe au Denmaki, sarafu nazo hazina kazi sana. Kule milango mingi ya kulipia hutaka kadi ya benki ya kugusisha. M-Pesa yako haitakusaidia hapo.

Simuni pakua ramani inayofanya kazi bila bando. Organic Maps na OsmAnd zote zinaonyesha vyoo vya umma kwa alama yake, na ukishapakua ramani ya mji huhitaji intaneti. Kwa Uholanzi kuna programu ya HogeNood iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo tu.

Hatua ya 2: Ndani ya ndege

Choo cha ndege kinamtisha mgeni kuliko kinavyostahili. Mlango wake mara nyingi hukunjika katikati: usiuvute, usukume pale kwenye mkunjo utaingia ndani. Ukishaingia telezesha komeo mpaka mwisho. Komeo hilo ndilo linalowasha taa kamili na kugeuza alama ya nje kuwa nyekundu. Ukikaa kwenye mwanga hafifu ukidhani ndivyo kulivyo, jua hujafunga, na mwenzako atakufungulia.

Choo hiki hakimwagi maji mengi kama cha nyumbani. Kinavuta kwa nguvu ya hewa, kwa mlio mkali wa ghafla ambao mtoto akiusikia bila kuonywa anaweza kukataa kuingia tena. Funga kifuniko kwanza, kisha bonyeza kitufe. Karatasi ya chooni inaingia humo. Pedi, nepi, tishu nzito za mikono na chupa zina pipa lake ukutani. Usivute sigara, kitambuzi cha moshi kipo. Maji ya bomba si ya kunywa.

Anayetumia maji ajaze chupa yake kwenye kisinki hichohicho, amimine kidogo kidogo akiwa amekaa na ameegemea mbele, kisha ajikaushe kwa karatasi. Sakafu ya ndege haina tundu la kupitisha maji, kwa hiyo tone lolote litakalodondoka lifute. Wahudumu wa ndege zinazobeba mahujaji wanalijua tatizo la sakafu iliyolowa kuliko mtu yeyote.

Wakati ni nusu ya kazi. Nenda kabla mikokoteni ya chakula haijaanza kupita, maana ikishaziba njia utakaa kitini nusu saa nzima. Foleni kubwa huja mara mbili: baada ya vyombo kuondolewa, na kabla tu ya ndege kuanza kushuka. Wengine hukataa kunywa maji safari nzima ili wasiende chooni. Ni akiba mbaya. Hewa ya ndege ni kavu, na kukaa saa nane bila maji na bila kuinuka huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kunywa, na uinuke. Usiku mwombe mhudumu kiti cha kando ya njia kama kipo, hutamruka mtu.

Hatua ya 3: Kituo cha kubadilisha ndege

Wengi wetu hupitia Doha, Dubai, Addis Ababa au Istanbul. Hapa tumia nafasi. Vyoo vya viwanja vya Ghuba ni bure, husafishwa mfululizo, na kila kichumba kina mpira wa maji ukutani, ule tunaouita shatafa. Kama mwisho wa safari yako ni Ulaya au Marekani, hiki huenda ndicho choo cha mwisho chenye maji utakachokiona kwa muda. Kitumie hata kama haja si kubwa.

Kabla ya kukaa, elekeza shatafa ndani ya bakuli ubonyeze kidogo kupima nguvu ya maji. Kuna zinazotoka kama bomba la gari la zimamoto, na nguo uliyovaa ni hiyohiyo mpaka ufike. Anayetaka kutawadha asinyanyue miguu kwenye sinki la wote. Fuata alama ya chumba cha swala, karibu nacho huwa kuna pa kutawadhia.

Ukibaki Dubai au Muscat kwenyewe, huna haja ya mwongozo mrefu. Maduka makubwa, vituo vya mafuta na misikiti vyote vina choo, vyote vina maji. Uliza tu “hammam” iko wapi, utaonyeshwa.

Hatua ya 4: Kukipata choo katika mji wa Ulaya

Kanuni yangu ni moja: usitoke mahali penye choo bila kukitumia. Unatoka hotelini, nenda. Umemaliza kula mgahawani, nenda kabla ya kulipa bili. Uko kwenye treni ya masafa marefu, nenda dakika 20 kabla ya kushuka, kwa sababu choo cha treni kwa kawaida ni bure na cha stesheni huenda ni cha kulipia. Tembea kwenye mabehewa mapema uone kipi kinafanya kazi. Vyoo vibovu kwenye treni za Ulaya ni jambo la kawaida kuliko tunavyosimuliwa.

Ukibanwa ukiwa barabarani, jaribu kwa mpangilio huu. Kwanza majengo yenye choo cha bure: maktaba ya umma, duka kubwa la ghorofa kadhaa (choo huwa ghorofa ya juu kabisa au chini kabisa, karibu na mgahawa), makumbusho yasiyo na kiingilio. London ni rahisi kwa hilo, maana British Museum na National Gallery huingii kwa tiketi ya kulipia. Stesheni kubwa zinazosimamiwa na Network Rail, shirika la reli la Uingereza, nazo ziliacha kutoza fedha za choo mwaka 2019, hivyo ukiwa King’s Cross au Victoria pita tu.

Pili, choo cha mtaani. Paris ina vibanda vya rangi ya kijivu vinavyoitwa sanisette, na tangu 2006 ni bure. Kibanda cha aina hii hujisafisha chenyewe baada ya kila mtu, na hapo ndipo wageni wanapokosea: aliyekutangulia akitoka anakushikilia mlango kwa wema, nawe unajipenyeza. Usikubali. Kibanda hakijui kwamba umeingia mtu mwingine na kinaweza kuanza kuosha ukiwa ndani. Acha mlango ufunge, sikiliza maji yanavyomwagika, subiri taa ionyeshe kiko tayari, ndipo ubonyeze kitufe.

Tatu, mgahawa. Ufaransa na Italia, kahawa ndogo unayoinywa umesimama kaunta ndiyo bei ya heshima ya kutumia choo, na wakati mwingine haizidi sana bei ya choo cha kulipia. Kwenye migahawa ya chakula cha haraka, namba ya kufungulia mlango huchapwa kwenye risiti, usiitupe. Ujerumani, angalia vioo vya maduka na mikahawa: ukiona kibandiko chenye maneno “Nette Toilette”, halmashauri ya mji imekubaliana na mwenye duka, na unaruhusiwa kuingia bila kununua kitu.

Kama huna fedha na umebanwa kweli, mwambie mhudumu ukweli kwa sauti ya chini. Mama mjamzito, mzee au mzazi mwenye mtoto ni nadra kukataliwa. Kukosa ujasiri wa kuomba ndiko kunakowaumbua watu wetu zaidi kuliko ukali wa wenyeji.

Na porini? Kuchimba dawa mjini kumefutwa. Uholanzi faini ya kukojoa hadharani inazidi euro 100, na polisi wanaitoza. Wanaume wa Amsterdam wana vibanda vya chuma vya haja ndogo barabarani, bure. Vyoo vya wanawake vilikuwa vichache mno. Mwaka 2015 mwanamke mmoja aliyebanwa usiku alitozwa faini, akaipinga, na 2017 mahakama ikamwambia angeweza kutumia vibanda vya wanaume. Wanawake walicheka kwa hasira nchi nzima, na wakafanya maandamano. Kwa dada zangu: msiutegemee mtaa, tegemeeni majengo.

Hatua ya 5: Kulipa

Bei za kawaida bara la Ulaya ni senti 50 hadi euro 1, na maeneo ya watalii huzidi. Utakutana na malipo ya namna tatu.

Kigeti chenye mashine kiko stesheni na kwenye vituo vya mafuta vya barabara kuu. Ujerumani vingi vya barabara kuu ni vya kampuni iitwayo Sanifair: unalipa euro 1, mashine inatoa vocha ya thamani hiyohiyo unayoweza kukatiwa kwenye manunuzi dukani hapo. Watu wetu huitupa wakidhani ni risiti. Watoto wadogo wana mlango wao mfupi wa pembeni, hupita bure.

Namna ya pili ni mhudumu aliyekaa mlangoni na meza yenye kisahani cha sarafu. Mara nyingine bei imeandikwa, basi ni lazima. Pasipoandikwa bei, unachoweka ni ahsante yako tu, lakini ukitoka bila kuweka chochote utatazamwa. Weka senti 50, msalimie. Usishangae mhudumu huyo akiwa mama, na akiingia na fagio lake upande wa wanaume huku wanaume wako kazini. Hawashtuki, nawe usishtuke.

Ya tatu ni ufunguo wa kaunta, hasa Marekani kwenye vituo vya mafuta: unaomba, unapewa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao au chuma ili usiondoke nao. Marekani choo cha kulipia karibu hakipo. Tatizo la kule ni kukosekana kwa choo mtaani. Barabara kuu zina vituo vya mapumziko vyenye vyoo vya bure, lakini katikati ya miji mikubwa milango ina kibao cha wateja tu. Maktaba ndiyo rafiki yako. Na jiandae: milango ya vichumba vya Marekani ina nafasi wazi chini na pembeni, utaona viatu vya jirani. Ni desturi yao, hakuna anayechungulia.

Hatua ya 6: Kuusoma mlango

Picha ya mtu mwenye gauni na asiye na gauni hupatikana kwingi, lakini si kote. Haya yatakutosha:

Ujerumani: Herren wanaume, Damen wanawake, mara nyingi ni H na D tu.
Ufaransa: Hommes wanaume, Femmes wanawake.
Italia: Uomini au Signori wanaume, Donne au Signore wanawake. Tazama herufi ya mwisho, i na e, maana hapo wageni wengi huingia kusiko.
Uturuki: Erkek au Bay wanaume, Kadın au Bayan wanawake.
Poland: pembetatu ni wanaume, duara ni wanawake.
Ayalandi: Fir ni wanaume, Mná ni wanawake. Anayebahatisha kwa Kiingereza chake hukosea yote mawili.
China na Japani: 男 wanaume, ile yenye kisanduku juu kilichogawanywa vipande vinne, 女 wanawake.
Nchi za Kiarabu: رجال wanaume, نساء au سيدات wanawake.

Skandinavia utakuta mlango mmoja wa wote, kila kichumba kikiwa na kuta hadi juu na sinki lake ndani. Hujapotea.

Kwenye masinki ya Italia na Ufaransa, bomba lenye herufi C ni la moto, F ni la baridi. Aliyezoea Kiingereza huunguza vidole.

Hatua ya 7: Ndani ya kichumba

Kabla ya kufunga, angalia vitu vitatu: karatasi ipo, komeo linashika, na maji yanavutwaje. Mahali pengine karatasi iko nje karibu na masinki na unatakiwa uikate ukiwa unaingia.

Treni za Uingereza zina choo kikubwa chenye mlango wa umeme unaoteleza, na vitufe vitatu: kufungua, kufunga, na kukomea. Watu hubonyeza cha kufunga wakakaa. Mlango umefungwa lakini haujakomewa, na abiria wa nje akibonyeza chake utafunguka taratibu mbele ya behewa zima. Bonyeza cha tatu, subiri taa iwake.

Kwenye vyoo vya walemavu vya Uingereza kuna kamba nyekundu inayoning’inia hadi karibu na sakafu. Si ya taa wala si ya kuvuta maji. Ni kengele ya msaada, ukiivuta utawaletea watu mbio. Kamba ya taa huwa nyeupe. Ukikuta taa ya bluu hafifu choo kizima, usiogope. Huwekwa ili wanaojidunga dawa za kulevya wasiione mishipa. Taa ikizimika ghafla ukiwa umekaa, punga mkono juu: ina sensa, imedhani hakuna mtu.

Choo cha kukaa ni cha kukaa. Najua wengi tumelelewa na cha kuchuchumaa, na kikalio kilichokaliwa na wengine hakikupi raha. Usipande na viatu juu yake. Bakuli la kauri linaweza kuvunjika chini ya uzito uliokaa upande, na vipande vyake hukata kama kisu. Futa kikalio kwa kitakasa, tandika karatasi, au tumia kifuniko cha karatasi kama kimewekwa ukutani, kisha kaa. Wanaokojoa wakiwa wamening’inia nusu nusu ndio wanaomlowesha anayefuata. Cha kuchuchumaa nacho utakikuta kusikotarajiwa, hata kwenye vituo vya barabara kuu za Ufaransa na Italia, na hapo wewe ndiye fundi na Mzungu ndiye anayehangaika.

Karatasi inaingia chooni katika sehemu kubwa ya Ulaya, Marekani na Japani. Ugiriki haiingii: mabomba ni membamba, kuna ndoo pembeni, na tangazo ukutani. China na Misri nako ndoo hutumika kwingi. Ukiona ndoo iliyojaa karatasi, fuata wenyeji. Lakini tishu za majimaji zile za watoto zisiingie chooni popote, hata pakiti ikisema zinaruhusiwa. Mwaka 2017 huko Whitechapel, London, mafundi walikuta bonge la mafuta na tishu hizo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 limeziba bomba la majitaka. Walilichimba kwa wiki kadhaa.

Kuvuta maji: vitufe viwili ukutani, kidogo ni cha haja ndogo, kikubwa cha kubwa. Pengine ni pedali ya mguu, pengine mnyororo, pengine sensa itakayomwaga ukisimama. Sensa zinazomwaga maji mtoto angali amekaa humtia hofu. Zibe kijicho chake kwa kipande cha karatasi mpaka amalize.

Hatua ya 8: Suala la maji

Hapa ndipo wengi wanapokwama na hawaulizi. Ulaya vyoo vingi vya umma vina karatasi tu, na hata Italia, ambako sheria ya mwaka 1975 ilitaka kila nyumba iwe na bideti (beseni la chini la kujioshea baada ya haja), stesheni huikuti. Finlandi ni afueni, wanautumia mpira wa maji kama sisi. Uturuki kuna kibomba kidogo ndani ya bakuli lenyewe; tafuta kitasa chake ukutani upande wa kulia, ufungue polepole.

Kwingineko, fanya hivi. Jaza chupa yako kwenye sinki kabla ya kuingia kichumbani, kama mtu anayejaza maji ya kunywa. Hakuna anayejali. Ingia, itundike au iweke pale mkono utakapoifikia bila kusimama. Ukimaliza, anza na karatasi kuondoa kilicho kingi, kisha egemea mbele na umimine kutoka nyuma kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukisafisha, kwa maji kidogo yanayoanguka ndani ya bakuli. Nusu lita inatosha ukiwa na karatasi kwanza. Jikaushe, futa kikalio, futa sakafu. Vyoo vyetu vina mteremko na tundu; vya kwao sakafu ni tambarare, maji hubaki pale, na anayefuata hatajua ni maji ya chupa. Ukikosa chupa, lowesha karatasi kadhaa za mikono pale sinkini uingie nazo, kisha zitupe kwenye pipa.

Mikono: sabuni, maji, na ukaushe. Japani mara nyingi hakuna karatasi wala kikausho, ndiyo maana kila Mjapani ana kitambaa mfukoni, na ndiyo maana cha kwako nilikuambia ukibebe.

Mashariki: China, India, Japani

Ukienda Guangzhou au Yiwu kwa mzigo, masoko yana vyoo kila ghorofa, bure, na vingi ni vya kuchuchumaa. Karatasi ndiyo hakuna, au iko mlangoni nje, au inataka uskani kwa simu. Beba yako kila siku, hata ukitoka kwa dakika kumi. Kuuliza ni “cèsuǒ zài nǎlǐ”; ukishindwa matamshi, mwonyeshe mtu neno 厕所 kwenye simu.

India haikupi shida ya maji: ndoo na kopo, au shatafa. Mtaani tafuta jengo lililoandikwa Sulabh, shirika lililoanzishwa mwaka 1970 na Bindeshwar Pathak. Haja ndogo kwa kawaida ni bure, kubwa unalipa rupia chache. Treni zina vyoo vya aina zote mbili mwisho wa behewa. Msindikizaji wa mgonjwa aingie kwanza aone kama kuna pa kushikilia, ndipo amlete mgonjwa.

Japani ni safi na bure, stesheni na dukani. Kinachochanganya ni vitufe. 流す ni kuvuta maji, おしり ni maji ya kuosha nyuma, 止 ni kusimamisha. Jifunze hicho cha mwisho kabla ya kubonyeza cha pili. Kimoja hutoa tu mlio wa maji ili usisikike ukijisaidia. Mgahawani ukiona ndara mlangoni mwa choo, vaa za humo, uziache humo utokapo.

Kwa mahujaji

Vyoo vya Mina na Muzdalifa vina maji ya kutosha. Shida ni foleni. Hufurika kabla ya Alfajiri na kila adhana inapokaribia, basi nenda saa moja kabla, au mara baada ya swala watu wakiwa wanatawanyika. Muzdalifa ndiko kwenye msongamano mkubwa, kwa hiyo maliza haja Arafa kabla ya kupanda basi. Vaa ndara za mpira zisizoteleza. Na tishu zako pamoja na sabuni ziwe zisizo na manukato, kwa sababu ukiwa kwenye ihramu manukato hayafai, na pakiti nyingi za dukani zimetiwa harufu.

Wenye mahitaji maalumu

Vyoo vingi vya walemavu Ulaya hufungwa. Uingereza hutumia ufunguo wa RADAR, unaofungua maelfu ya vyoo nchini. Ujerumani, Austria na Uswisi wana ufunguo wao uitwao Euroschlüssel, unaotolewa kutoka Darmstadt tangu 1986. Mtu anayeishi huko au atakayekaa muda mrefu na ana ulemavu aulizie mapema; mgeni wa siku chache amwombe mhudumu wa stesheni amfungulie.

Mwenye kisukari, tezi dume au tumbo la kuendesha achague kiti cha ndege na cha treni karibu na choo wakati wa kukata tiketi, si siku ya safari. Abebe barua fupi ya daktari kwa Kiingereza ikieleza kwamba anahitaji choo haraka, aionyeshe kaunta bila maelezo mengi. Kwa tumbo la kuendesha, beba pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, za hapa nyumbani zinatosha, na kama kuna damu au homa usiendelee na ratiba. Tafuta hospitali siku hiyohiyo.